Jinsi ya Kutaja na Kusoma Majina ya Silaha na Risasi

Anza na neno risasi, maana lina kazi tatu: ni madini, ni kile kipande kinachotoka mtutuni, na ni kile kitu kizima kinachopakiwa kwenye silaha. Unapoandika taarifa, vitenganishe. Risasi nzima ina ganda, fataki iliyopachikwa chini ya ganda, baruti ndani yake, na kichwa mbele. Pini ikigonga fataki, baruti huwaka, gesi husukuma kichwa mtutuni, na ganda hubaki nyuma. Kwa hiyo aliyeokota maganda matatu asiandike kwamba ameokota risasi tatu. Hilo ni kosa kubwa: ganda tupu halina tena cha kulipuka, risasi nzima bado inacho.

Kisha soma namba. Katika 7.62x39, namba ya kwanza ni kipenyo kwa milimita na ya pili ni urefu wa ganda. Zitaje zote mbili, kwa sababu ipo pia 7.62x51, na haiingiliani na hiyo ya kwanza. Kusema "milimita tisa" peke yake hakutoshi vilevile: 9x19 na 9x18 ya Makarov, bastola ya Kirusi, ni risasi mbili tofauti, na hata vichwa vyake havilingani unene. Linganisha maandishi yaliyochongwa kwenye mtutu na yale ya chini ya ganda. Yasipooana, usipakie.

Bunduki za marisau, yaani zile gololi ndogondogo, hupimwa kwa geji, na hapo hesabu inageuka: namba ikiwa ndogo, mtutu ni mpana zaidi. Geji 12 ina maana kwamba pauni moja ya madini ya risasi ikigawanywa kuwa tufe 12 sawa, tufe moja linaenea mtutuni, kama milimita 18.5. Geji 20 ni nyembamba, takribani milimita 15.6. Ukiitumbukiza risasi ya geji 20 kwenye bunduki ya geji 12, inapita chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu risasi inapokaa, na kunasa mbele, huku chemba ikionekana tupu. Mtu akipakia ya geji 12 nyuma yake na kufyatua, mtutu unapasuka karibu na mkono unaoushika. Ndiyo maana maganda ya geji 20 hutengenezwa ya manjano. Usiyachanganye mfukoni na mengine.

Magazini na klipu si kitu kimoja. Magazini ina springi inayosukuma risasi kuelekea chemba. Klipu huzishikanisha tu ili zipakiwe kwa pamoja. Silaha ya nusu otomatiki hutoa risasi moja kila triga inapovutwa, ya otomatiki huendelea hadi uiachie.

Neno "tupu" litumie kwa uangalifu kuliko yote. Kuchomoa magazini hakuondoi risasi iliyokwisha kuingia chemba. Elekeza mtutu upande salama, toa kidole kwenye triga, chomoa magazini, vuta nyuma boliti, yaani kile kipande kinachofunga chemba, tazama chemba kwa macho na uipapase kwa kidole. Ukikuta tupu, hapo ndipo useme tupu.