Somo: Jua, mabati na chupa za kuokota kwa maji ya kisima

Asalaam aleikum wanachama. Mifereji imekauka tena na wengi wetu kisiwani Mombasa tumerudi visimani. Leo nawafunza kuua vijidudu vya maji ya kisima kwa mwale wa jua, tukiyalaza maji juani ndani ya chupa. Maji yetu ya mfereji, ya chemchemi ya Mzima, husafiri zaidi ya kilomita 200 kutoka Tsavo. Yakikatika huko njiani, hamali wa mkokoteni ndiye mfalme.

Msidanganywe na maji ya kisima yanayong'aa. Mombasa imekaa juu ya jiwe la matumbawe, lina matundu chungu nzima. Uchafu wa shimo la choo hauchujwi sana humo, hupenya upesi hadi kisimani kwa jirani.

Hatua ya kwanza: chupa. Okota za soda au maji, zisizo na rangi, zisizozidi lita 2. Tazama chini kama zina pembetatu yenye namba 1. Za kijani na kahawia ziache, na iliyowahi kutiwa mafuta taa usiiguse hata ukiisugua wiki nzima. Bandua karatasi, osha kwa sabuni. Mtungi wa lita 20 haufai, jua halifiki katikati.

Hatua ya pili: chuja kwa leso kuukuu iliyokunjwa mara nne. Nasema kuukuu makusudi, kwa sababu nyuzi zake zimelegea na kuziba matundu. Kule Bangladesh, vijiji vilivyochuja maji kwa sari kuukuu namna hii vilipunguza kipindupindu kwa karibu nusu. Kisha simamisha chupa juu ya kichwa cha habari cha gazeti, uchungulie kutoka mdomoni. Herufi zisiposomeka, maji bado yana vumbi, nalo huvikinga vijidudu na jua. Yaache yatuame, uchuje tena.

Hatua ya tatu: jaza robo tatu, tikisa kama sekunde 20 hewa iingie, kisha jaza mpaka juu na ufunge. Laza chupa juu ya mabati kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa. Ilazwe, jamani. Mimi mara ya kwanza nilizipanga wima uani, kufika adhuhuri ghorofa la jirani limezifunika kivuli zote, na watu wangu wanangoja maji. Mawingu yakitanda zaidi ya nusu ya mbingu, acha siku mbili mfululizo. Mvua ya kutwa? Chemsha, au tia klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa ya dawa na ungoje nusu saa.

Kunywa kutoka chupa ile ile. Ukimimina mtungini na kuchota kwa kata, umerudisha ulichokitoa.

Maswali ya wanachama

Mama wa Kisauni: Dada, chumvi inatoka?
Haitoki. Hata kuchemsha hakuitoi, huizidisha, maana maji hupaa yakaiacha chumvi sufuriani. Kisima kikiwa cha chumvi, weka cha kufulia na msalani, ya kunywa tafuta matamu.

Bi wa Likoni: Plastiki ikichomwa na jua haitoi sumu?
Shikamoo Bi. Chupa za namba 1 zimepimwa kwa matumizi haya, na kinachotoka ni kidogo mno, chini ya kiwango kinachokubalika kwa maji ya kunywa. Ikichubuka itoe, michubuko huzuia mwanga.

Kijana wa Majengo: Nikishazitoa nizipeleke wapi?
Waokotaji wa mtaani hununua kwa kilo. Usizichome. Sheria ya taka ya mwaka 2022 yataka tutenge zinazooza na zisizooza, basi maganda ya muhogo yasikae na chupa.

Mzazi mpya, Changamwe: Mwanangu ana miezi mitatu, anatumia maziwa ya kopo. Naweza kuyakorogea kwa maji haya?
Hapana, mama. Kisima kilicho karibu na choo huweza kuwa na naitreti, kemikali itokanayo na uchafu wa choo, ambayo kwa mtoto mchanga huizuia damu kubeba hewa. Jua haliitoi, na kuchemsha kunaifanya iwe nzito zaidi. Mpatie maji ya mfereji au ya dukani, nayo uyachemshe.

Shangazi wa Tudor: Mabati yangu ni ya juu, siwezi kupanda. Niweke dirishani nyuma ya kioo?
Shangazi, kioo cha dirisha kinazuia sehemu kubwa ya ule mwale unaoua vijidudu. Weka uani juu ya bati bovu moja, mahali pasipo kivuli. Na wale wajukuu wanaocheza simu kutwa, hakuna hata mmoja wa kupanda?