Kabla ya Kumlipa Fundi wa Tovuti: Ufikivu Uanzie Mezani

Ofisi nyingi za Kigoma zinapoamua kuwa na tovuti, iwe ni chuo, zahanati, ushirika wa wakulima wa michikichi au wenye boti za kwenda Gombe, mazungumzo na fundi huanza na rangi, nembo na picha ya ziwa. Habari ya mtu asiyeona au kiziwi huibuka tovuti ikiwa tayari hewani, fundi kashalipwa na simu hapokei tena. Kurekebisha wakati huo ni gharama mpya. Kwa hiyo ufikivu, yaani tovuti kutumika na kila mtu hata mwenye ulemavu, uzungumzwe kabla hata ya malipo ya awali.

Kwanza, jueni mnawatengenezea akina nani. Asiyeona hutumia simu ya Android kama yako, ila amewasha TalkBack, au kompyuta yenye NVDA, programu ya bure iliyoanzia Australia mwaka 2006. Zote mbili humsomea kwa sauti kilichoandikwa kwenye skrini. Mwenye ualbino mara nyingi ana uoni hafifu na mwanga mkali humuumiza, hivyo hukuza maandishi na kuisogeza simu karibu na uso. Kiziwi anataka video yenye maandishi. Ambaye mikono inamtetemeka hawezi kulenga kitufe kidogo. Ongezeni na wazee wa Ujiji ambao hawajihesabu kuwa na ulemavu wowote, ila kusoma herufi ndogo kumewashinda.

Jambo zito kuliko yote wala halimhusu fundi: ni namna ofisi yenu inavyotoa matangazo. Karani anachapa barua kwenye kompyuta, anaiprinti, mkuu anasaini, mhuri unagongwa, karatasi inapita kwenye skana, kisha inapandishwa kwenye tovuti kama PDF. Kwa anayeona, hilo ni tangazo. Kwa programu inayosoma skrini, ni picha isiyo na neno hata moja. Mwanafunzi asiyeona anayefungua maelekezo ya kujiunga na chuo, ambamo mna ada, namba ya akaunti, tarehe ya kuripoti na orodha ya vitu kuanzia godoro hadi rimu ya karatasi, anakutana na kimya. Itabidi atafute mtu wa kumsomea, na mpaka namba yake ya udahili mtu huyo ataijua. Cha kushangaza, maandishi yenyewe yapo tangu mwanzo kwenye kompyuta ya karani. Yabandikeni kwenye ukurasa kama maandishi, na nakala yenye mhuri ikae chini kwa anayeitaka. Wapo watakaodai kwamba tangazo bila mhuri haliaminiki. Basi mhuri wao wanao, hapo hapo chini. Faida nyingine ni bando: ukurasa wa maandishi matupu hufunguka hata mtandao ukiwa wa kusuasua, wakati kurasa kumi za skana humaliza kifurushi cha mtu. Mabango ya rangi yanayotengenezwa kwa ajili ya WhatsApp na kurushwa kwenye tovuti yana kasoro hiyo hiyo.

Kila picha iandaliwe maelezo mafupi yatakayosomwa na programu. “Picha ya boti” haimsaidii mtu. “Boti ya abiria ikiwa ufukweni Kibirizi, abiria wakipakia mizigo” inamsaidia. Picha ya urembo tu, fundi aiachie maelezo matupu kwa makusudi ili programu iiruke. Sehemu hiyo isipowekwa kabisa, programu inaweza kuanza kumtajia msikilizaji jina la faili, herufi moja moja na tarakimu zake zote.

Suala la lugha husahaulika sana. Ukurasa wa Kiswahili usipotambulishwa kwenye msimbo wake kuwa ni wa Kiswahili, sauti ya Kiingereza inaweza kuusoma, na hapo “maombi ya kujiunga” yanageuka mivumo isiyoeleweka. Kwa Kigoma kuna la ziada: wengi huweka aya ya Kifaransa kwa ajili ya wageni kutoka Burundi na Kongo. Aya hiyo nayo itambulishwe peke yake. Kwa fundi ni kazi ya dakika chache.

Vichwa vya habari viwe vichwa kweli, si maandishi yaliyonenepeshwa tu, kwa sababu asiyeona huruka kutoka kichwa hadi kichwa kama wewe unavyopitisha macho. Viungo navyo vijieleze. Anayeomba orodha ya viungo vya ukurasa wenu akasomewa “bofya hapa, bofya hapa, bofya hapa” hajui kipi ni cha ada na kipi ni cha ratiba.

Kwenye rangi, vipimo vipo: utofauti wa mwangaza kati ya maandishi ya kawaida na mandhari yake uwe angalau 4.5 kwa 1, na kwa maandishi makubwa 3 kwa 1. Kijivu kile cha kupauka juu ya cheupe, kinachopendwa sana na mafundi, mara nyingi hakifiki. Kwenye fomu, jina la kila kisanduku libaki linaonekana hata mtu akianza kuandika, na kosa lielezwe kwa maneno, lisiishie kwenye mstari mwekundu. Picha zinazojibadilisha zenyewe ziwe na kitufe cha kusimamisha. Mimi ningeziondoa kabisa.

Video ziwe na maandishi yaliyopitiwa na mtu, maana yale yanayozalishwa na mashine huvuruga majina ya watu na ya vijiji. Kwa tangazo kubwa, tafuteni mkalimani wa Lugha ya Alama ya Tanzania, kwani wapo viziwi ambao lugha ya alama ndiyo lugha yao ya kwanza.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 ipo, na Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, lakini kitakachombana fundi wenu ni mkataba wenu naye. Andikeni humo kwamba kazi ifikie kiwango cha AA cha WCAG 2.2, mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa tovuti uliotolewa Oktoba 2023. Fundi asiyeujua anaweza kujifunza. Anayesema hauna maana, tafuteni mwingine. Na akiwauzia kile kitufe cha ufikivu cha pembeni mwa ukurasa kinachodaiwa kutibu tovuti nzima, kataeni. Hakiwezi kuigeuza karatasi ya skana kuwa tangazo linalosomeka vizuri.

Kabla ya kuipokea kazi, chomoeni kipanya na mzunguke tovuti nzima kwa kitufe cha Tab. Mkikwama kwenye fomu, haijaisha. Kisha washeni TalkBack, fumbeni macho, mtafute kiasi cha ada. Baada ya hapo muombeni mtumiaji halisi aijaribu. Vyama kama Chama cha Wasioona Tanzania vinaweza kuwaunganisha na mtu. Kama anatoka Kasulu au Uvinza, nauli yake na ujira wa siku viwemo kwenye bajeti tangu mwanzo, na awamu ya mwisho ya malipo ya fundi itoke baada ya huyo kusema amefika mwisho wa fomu bila kushikwa mkono.