Ndugu Yako Mwenye Ugonjwa wa Akili Yuko Mahabusu: Namna ya Kufuatilia Matibabu Yake

Mwongozo huu ni kwa ndugu wa mahabusu wa Tanzania Bara, nami nauandika nikiwa msaidizi wa kisheria. Wengi hukwama kwa kudhani kwamba dawa zinasubiri amri ya hakimu, ilhali matibabu na kesi ni njia mbili zinazopaswa kuanza pamoja.

Kwanza, kusanyeni kadi ya kliniki na karatasi za rufaa, mtoe nakala mbili. Kama zimepotea, andikeni jina la hospitali, dawa anazotumia na tarehe ya sindano ya mwisho, kwa kuwa anayechomwa sindano ya kila mwezi huweza kuonekana mzima wiki za mwanzo, kisha hali ikageuka.

Pili, nakala moja ipelekeni kwa mganga wa zahanati ya gereza kupitia kwa mkuu wa gereza. Kanuni ya 24 ya Kanuni za Nelson Mandela za Umoja wa Mataifa (2015) inataka mfungwa atibiwe bure, kwa kiwango cha raia walio nje, bila matibabu kukatizwa. Vidonge msiviingize kwa kificho.

Tatu, nakala ya pili mpeni wakili, kwa sababu ndugu aliyeketi kwenye benchi la wasikilizaji hana nafasi ya kuzungumza. Asiye na uwezo aombe wakili chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Wakili aeleze wazi anachoomba: je, mshtakiwa hawezi kujitetea sasa, au alikuwa mgonjwa alipotenda kosa? Haya ni maswali mawili tofauti, na ripoti ya daktari inayojibu moja haitoshelezi jingine. Kwa swali la pili, mahakama huamuru apelekwe hospitali ya akili, kwa kawaida Isanga, Dodoma, na daktari hutakiwa kuleta ripoti ndani ya siku 42. Siku hizo huhesabiwa tangu anaposhikiliwa hospitalini, kwa hiyo amri inaweza kulala kwenye jalada huku yeye bado yuko gerezani. Muulizeni karani wa mahakama kama nakala ya amri hiyo imemfikia mkuu wa gereza, na zahanati iendelee kumpa dawa muda wote huo.

Mwisho, mwachieni ofisa ustawi wa jamii wa hospitali namba za simu zinazopatikana, jina la kijiji na la ndugu atakayempokea, maana hata akipata nafuu, ruhusa ya kutoka haitegemei daktari peke yake, na asiye na wa kumpokea hukaa zaidi.