Istanbul kwa Mfuko Mwepesi: Siku Mbili za Kwanza

Sisi wa Kariakoo tunaijua Istanbul kwa Laleli, mtaa wa nguo za jumla. Basi lala hukohuko, hata kama hununui gauni moja. Tramu ya T1 inapita hapo, na Sultanahmet, mtaa wa kale wenye Msikiti wa Buluu, unafika kwa miguu.

Kwanza nunua Istanbulkart kwenye mashine ya kituoni. Kadi hiyohiyo utapandia tramu, basi na kivuko.

Siku ya kwanza usilipe kiingilio popote. Msikiti wa Buluu ni bure. Usiende tu kama mtalii wakati wa swala, na dada, beba mtandio wako. Halafu panda kilima hadi msikiti wa Süleymaniye, kazi ya msanifu majengo Sinan iliyokamilika 1557. Zunguka uani upande wa nyuma: Pembe ya Dhahabu, ule mkono wa bahari unaoingia mjini, yote iko chini yako. Nilikaa pale saa nzima, viatu mkononi.

Siku ya pili, nenda gati la Eminönü, panda kivuko cha Üsküdar. Ni kama pantoni ya Kigamboni, ila hapa unatoka Ulaya unashukia Asia. Kaa nje, agiza chai ya gilasi ndogo, na uwe na simit, ule mkate wa duara wenye ufuta. Shakwe watakuomba. Wanyime.

Ukiona mng'arisha viatu kaangusha brashi mbele yako, pita. Mimi niliiokota kwa adabu za kwetu. Akaning'arishia viatu "kwa shukrani", kisha akadai hela. Nilikuwa nimevaa raba.