Kwaresima katika shirika: mlo wa Ijumaa umfikie jirani

Mfungo ambao akiba yake inabaki jikoni ni kubana matumizi tu. Isaya 58 anasema wazi: mfungo anaoutaka Mungu ni kumgawia mwenye njaa chakula chako. Basi shirika, yaani jumuiya ndogo ya Wakristo wa mtaa, likitaka kufunga pamoja hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, lipige hesabu kabla ya Jumatano ya Majivu.

Mtu mzima akiacha mlo wa mchana, zinabaki karibu gramu 200 za unga wa bugali na gramu 80 za maharage. Nyumba 15 zenye watu wazima wawili wawili, kwa Ijumaa sita kabla ya Ijumaa Kuu, zinatoa kilo 36 za unga na kilo 14 na kitu za maharage. Watoto, wajawazito, wanaonyonyesha, wagonjwa na wazee waendelee kula kama kawaida. Sheria ya Kanisa inawadai mfungo wenye miaka 18 hadi 59, tena Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu tu. Kuacha mlo Ijumaa nyingine ni hiari, msimlazimishe mtu.

Pimeni asubuhi, kabla ya kuwasha moto. Ukingoja jioni utakuta unga umekwisha, maana tumbo lililoruka mchana hudai usiku. Ndoo yenye kifuniko ikae kwa mtu mmoja, daftari kwa mwingine. Wala msilimbikize hadi Pasaka: kwa mvua za Machi unga unashika ukungu. Pelekeni kila Jumamosi.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Maharage makavu yanataka saa mbili au tatu za moto. Mjane anayenunua makala kwa kifuko atamaliza makala ya siku kadhaa kwa sufuria moja, au atayauza maharage yenyewe. Badilisheni sehemu ya maharage kwa makala, chumvi na sambaza wakavu, samaki wadogo wa Ziwa Kivu, wanaoiva upesi. Ila kwanza waende watu wawili, mikono mitupu, bila simu ya kupiga picha, wakae, waulize: «Mama, wiki hii jikoni kunakosekana nini?» Jibu lake liandikwe kwenye daftari kabla ya kilo yoyote.

Ijumaa jioni someni somo moja tu, polepole. Amosi 8:4-6, juu ya mizani ya udanganyifu, inawagusa wanaopima unga sokoni. Yakobo 5:4 inahusu ujira uliozuiliwa: kila mmoja ajiulize alimlipa nini mama aliyembebea gunia toka soko la Kadutu, na kama alibishana naye kwa franka mia mbili huku jasho likimtiririka. Kama kuna deni, lilipwe kabla ya Jumapili. Papa Yohane Paulo II aliandika mwaka 1987 kwamba mshikamano si huruma ya kupita, ni nia thabiti ya kushughulikia mema ya wote. Deni la mbeba mizigo ni mahali pazuri pa kuianza.

Jioni moja iwe ya maskini wa mbali. Sisi wa Kivu tumezoea kuombewa na wengine. Tuwaombee sasa watu wa Sudani na Haiti, kwa kutaja nchi zao. Sadaka ya jioni hiyo ihesabiwe mbele ya watu watatu, kiasi kiandikwe, ipelekwe Caritas ya parokia, yaani huduma ya misaada ya Kanisa, na karatasi ya kupokelewa ibandikwe kwenye daftari.