Gari la dizeli linachemsha mlimani: tafuta chanzo kabla ya kununua spea

Gari la dizeli likichemsha, karibu kila utakayemkuta barabarani ana jibu moja: ng'oa thamostati, ile valvu inayoyafungulia maji njia injini ikipata moto. Nakuomba usiing'oe. Mwongozo huu ni wa mwenye Hiace, Canter au gari-nyumba lililojengwa juu ya chasisi ya lori dogo, anayetoka Kamanyola kuja Bukavu kupitia mlima wa Ngomo na kuuona mshale wa joto ukipanda kila anapopanda. Tutaanza na vitu vya bure na kuishia na vya gharama, kwa sababu watu wengi hapa wananunua rejeta nzima (kipoza maji ya injini) wakati kilichokufa ni kifuniko chake.

Kama linachemsha sasa hivi

Simama mahali salama, weka mawe nyuma ya magurudumu, na uyaondoe barabarani ukimaliza. Ukiona mvuke au maji yanamwagika, zima injini mara moja. Kama mshale umepanda tu na maji hayajatoka, acha injini iungurume juu kidogo ya mzunguko wa kawaida na ufungue hita ya kabini hadi mwisho; nayo ni rejeta ndogo. Usifungue kifuniko cha rejeta mpaka uweze kuushika mpira wa juu wa rejeta kwa mkono bila kuuachia. Wala usimwage maji baridi ndani ya injini yenye moto, kichwa cha silinda kinaweza kupasuka.

Hatua ya 1: Linachemsha lini?

Dizeli ikiunguruma bila mzigo hutoa joto dogo, maana inachoma mafuta kidogo katika hewa nyingi. Kuliwasha gereji nusu saa na kusema "mbona liko sawa" hakuthibitishi chochote. Mwulize dereva maswali. Linachemsha mlimani tu, likifika tambarare linapoa? Hapo uwezo wa kupoza umepungua: rejeta imeziba nusu, vumbi limejaa, au klachi ya feni (kitovu kinachoishika feni injini ikipata moto) imechoka. Linachemsha likiwa limesimama, likitembea linapoa? Anza na feni. Linachemsha dakika chache tu baada ya kuwashwa asubuhi? Shuku maji pungufu, thamostati iliyokwama ikiwa imefungwa, au gesi ya silinda inayoingia kwenye maji. Mshale ukiruka juu na kushuka ghafla, mara nyingi kuna hewa ndani ya mfumo, hasa kwenye magari yenye hita ya nyuma ambayo mipira yake mirefu hupita chini ya sakafu.

Hatua ya 2: Maji na kifuniko

Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hiki maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Kifuniko chenye namba 0.9 (kiwango cha shinikizo) hushikilia shinikizo, na maji hayo hayo hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 116. Kwa hiyo raba ya kifuniko ikichanika au springi yake ikilegea, umepoteza nyuzi 20 za usalama huku injini yenyewe haina ubaya wowote. Kagua raba, kagua mdomo wa rejeta inapokaa, na ununue kifuniko chenye namba ile ile iliyoandikwa na mtengenezaji. Namba kubwa zaidi inaweza kupasua mipira.

Angalia pia rangi ya maji. Kahawia ni kutu. Utando wa mafuta unaweza kutoka kwenye gasketi (kizibo chembamba) ya kichwa cha silinda au kwenye kipoza oili. Na tafadhali tuache kujaza maji ya Ziwa Kivu: yana madini mengi, na madini hayo hubaki kama magamba ndani ya mirija ya rejeta. Maji ya mvua yaliyochujwa ni afadhali mara nyingi, na mvua hatuna upungufu nayo. Bora zaidi ni kulanti (kimiminika maalumu cha kupoza injini) iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa.

Hatua ya 3: Mbele ya rejeta

Kiangazi, Juni hadi Agosti, vumbi jekundu hukaa katikati ya kondensa ya kiyoyozi na rejeta, mahali usipopaona bila kulegeza boliti. Puliza au osha kutoka upande wa injini kuelekea nje, kwa shinikizo dogo, vijibati vyembamba vya rejeta visilale. Kwenye gari-nyumba, ondoa pia taa kubwa, tairi la akiba na mabango yaliyofungwa mbele ya grili. Hewa yetu ya mlimani tayari ni nyepesi, usiizibie njia.

Hatua ya 4: Mkanda na feni

Bonyeza mkanda kwa kidole gumba katikati: kwenye magari mengi ushuke kama sentimita moja. Ukiwa unang'aa pembeni, unateleza. Klachi ya feni ijaribu mara mbili. Injini ikiwa baridi, feni izunguke kwa mkono kwa ugumu kidogo. Injini ikiwa ya moto na imezimwa, iwe nzito zaidi. Ikizunguka huru ilhali injini ina moto, au ukiona oili imetapakaa kwenye kitovu chake, imekwisha.

Hatua ya 5: Soma mipira miwili

Hatua hii ndiyo inayokata ubishi. Tafuta kipima joto cha miale cha kiwandani (kile cha kupimia watu homa mpakani hakifai, hakifiki joto la injini). Bandika utepe mweusi kwenye chuma kinachong'aa kabla ya kupima, la sivyo namba itakudanganya. Pandisha mlima, simama, pima mara moja mpira wa juu na wa chini.

Juu kuna moto mkali na chini kumepoa sana: maji hayapiti vizuri. Rejeta imeziba ndani au pampu ya maji haisukumi. Pima sasa uso wa rejeta mahali pengi. Madoa yaliyopoa ni mirija iliyoziba. Juu na chini kuna moto karibu sawa: maji yanapita, lakini hewa haiyapunguzii joto. Rudi hatua ya 3 na ya 4. Juu kumepoa huku injini inaungua: thamostati haifunguki, au hewa imezuia maji.

Mtu akupandishie mzunguko huku ukiutazama mpira wa chini. Ukijikunja kwa ndani, springi iliyo ndani yake imeoza na pampu inaufyonza ujifunge.

Hatua ya 6: Thamostati

Itoe, itumbukize kwenye sufuria yenye maji na kipima joto. Iliyoandikwa 82 ianze kufunguka karibu na nyuzi hizo, na maji yakichemka iwe wazi kwa milimita 8 hivi. Isipofanya hivyo, weka mpya. Usilirudishe gari barabarani bila thamostati. Katika injini nyingi za Toyota za dizeli, sahani ya chini ya thamostati hufunga njia ya mkato. Ukiing'oa, sehemu ya maji huzunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Gari litachelewa kupata moto tambarare, kisha litachemsha mlimani pale pale.

Hatua ya 7: Gesi ndani ya maji

Injini ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko, jaza maji hadi mdomoni, kiache wazi, washa. Mapovu yasiyoisha, au mipira inayokuwa migumu ndani ya dakika moja kifuniko kikiwa kimefungwa, yanaonyesha gasketi ya kichwa cha silinda au ufa. Kichwa kikifunguliwa, kipelekwe kupimwa unyoofu. Gasketi mpya juu ya kichwa kilichopinda itaungua tena.

Kukiwa hakuna gesi na kila kitu kingine ni kizima, tazama moshi. Moshi mweusi mzito mlimani ni mafuta mengi kuliko hewa: chujio la hewa, nozeli au pampu ya mafuta. Na shuka gia mapema. Gia kubwa kwa mzunguko mdogo huzipunguzia kasi pampu ya maji na feni wakati zinapohitajika zaidi.

Baada ya matengenezo, toa hewa: pua ya gari iwe juu mlimani, hita wazi, jaza polepole mpaka mapovu yaishe. Panda Ngomo na mzigo wako wa kawaida, lala, kisha asubuhi injini ikiwa baridi pima usawa wa maji. Ukiwa umeshuka na hakuna tone lililodondoka chini, rudia hatua ya 7.