SOMO: Kufungua shamba lililotelekezwa miaka mingi ili ulime mboga (weka kiberiti chini kwanza)

Habari zenu wadau. Niliahidi hili somo tangu mwezi wa tano nikapotea, mnisamehe, mambo ya shamba mnayajua. Mimi sio bwana shamba, ni mkulima mdogo tu huku Mkuranga, Pwani, kiwanja changu robo eka, yaani mita za mraba kama 1,000 hivi, marehemu mzee alinunua akakiacha na kilikaa miaka 9 hakuna aliyekigusa. Siku nimekuja kukiona nyasi zimenipita kichwa, upupu umepanda juu ya mkorosho, mijohoro imejiotea inavyotaka na chini ni ukoka na ndago tupu.

Nianze na ujinga wangu maana ndo somo lenyewe. Nikaita trekta. Kijana akanambia bosi lisaa limoja tu, na kweli lisaa limoja shamba jeusi safi nikapiga na picha nikawatumia ndugu. Masika ilipoanza, wiki mbili tu, kila kipande cha ukoka ambacho lile haro (jembe la sahani la trekta) lilikikata kimeota. Kumbe nimelipa hela nipandiwe ukoka! Nyanya mwaka ule sikuvuna hata sado moja.

Ukoka unatambaa juu na chini ya udongo na kila kifundo ni mche, ukikata vipande ishirini una miche ishirini. Ndago ndo shetani kabisa, kule chini kuna vitunguu vidogo vimeungana kama shanga, ukivuta jani unabaki na jani mkononi vyenyewe vimekaa vinakungoja. Ila vyote hivi haviwezi kukauka vikapona. Kwa hiyo kazi ya kung'oa ni ya kiangazi, Juni mpaka Septemba, au ile Januari na Februari kabla ya masika. Watu wengi wanasubiri mvua ilainishe ardhi ndo wanashika jembe, hapo unakua unayapandikiza magugu upya sio kuyaondoa.

HATUA YA 1, kabla ya panga tafuta mipaka. Tembea na mjumbe na majirani mzione bikoni (zile alama za mipaka), weka vigingi vya miti. Hapo hapo uliza kama kuna shimo la choo la zamani au kisima, mimi nilikua natembea na fimbo natangulia kugonga mbele, na nilikuta shimo kweli limefunikwa na majani, mguu ulibaki nusu hatua.

HATUA YA 2, kufyeka. Vaa mabuti, suruali ngumu na mikono mirefu hata kama jua ni la kutoa roho. Anzia upande mmoja usonge kuelekea upande mwingine, usizunguke duara ukamalizia katikati, maana nyoka wote watajikusanya hapo katikati na wewe ndo utawakuta. Waachie njia ya kutokea. Nyoka akimgonga mtu usichanje wala usifunge kamba, mguu utulie, hospitali haraka. Fyeka kabla nyasi hazijatoa mbegu, zilizokwisha toa mbegu weka lundo lake pembeni, hizi safi tunza ni matandazo yako ya kufunika udongo baadae.

Na hapa ndo mnaponigombeza kila mara kuhusu moto, mkisema shamba lichomwe tu. Najua wazee wetu walichoma. Lakini moto unaunguza majani ya juu tu, ndago kule chini hata habari hana, halafu umeshapoteza matandazo na ule mboji kidogo uliokuwepo, udongo wa Pwani wenyewe ni mchanga hauna akiba. Na Julai upepo wa kusi ukivuma moto hauulizi bikoni iko wapi, utalipa mikorosho ya watu.

HATUA YA 3, usifungue shamba lote. Hii rudieni mara mbili. Fungua kipande unachoweza kukipalilia wewe mwenyewe, mimi nilianza na matuta 4, kila moja mita 1 kwa 10. Kuliko ufungue robo eka nzima mwezi wa tatu limerudi pori.

HATUA YA 4, kung'oa. Tumia jembe la meno, lile la uma, sio jembe la kawaida linalokata. Unachomeka, unainua, unapukuta udongo, unavuta mzizi wote mzima. Weka juani, kila baada ya siku mbili tatu geuza, wiki moja mpaka mbili mpaka ukivunja mzizi unalia kama kijiti. Kazi ya polepole inachosha mgongo na haina njia ya mkato. Ukiweka vibarua msipatane kwa ngwe, mtu wa ngwe ataparaza juu juu akimbilie ngwe ingine, patana kwa siku na uwepo. Visiki vya mjohoro chimbua, ukikata tu vinachipua kwa hasira.

HATUA YA 5 ni ya wavivu na naipenda. Sawazisha tuta, mwagilia kama vile umepanda, halafu usipande kitu. Siku 10 mpaka 14 mbegu za magugu zitaota zenyewe, zikwangue juu juu na kijembe jua likiwa kali, usichimbe ndani maana utaleta zingine juu. Rudia mara ya pili ukiweza.

HATUA YA 6, samadi iliyooza. Mimi naweka debe moja kila mita ya mraba. Ya kuku mbichi inaunguza miche, iache ioze angalau miezi miwili. Mwenye nafasi apime udongo, SUA (chuo kikuu cha kilimo) Morogoro wanapima na TARI (taasisi ya utafiti wa kilimo) Mlingano kule Tanga pia.

Mazao ya kwanza panda matembele, kunde za majani, mchicha. Matembele yanafunika ardhi na kuyabana magugu, mchicha wiki 3 mpaka 4 unavuna. Nyanya na bilinganya ngoja kwanza, minyoo fundo (vijidudu vya udongoni vinavyoivimbisha mizizi mafundo) inapenda sana mchanga huu na wewe bado unapigana na ndago.

MASWALI

Mdau wa Chanika: Mkuu si upige dawa tu ya magugu, glaifoseti, siku moja umalize, mateso yote ya nini?

Jibu: Sipingi kaka, nilishapiga. Ila wengi wanapiga kwenye nyasi kavu zenye vumbi halafu wanasema dawa feki. Fyeka kwanza, subiri zichipue kijani kama shubiri moja, piga asubuhi isiyo na upepo wala dalili ya mvua, halafu usiguse wiki mbili dawa ishuke mizizini. Haiui mbegu zilizo ardhini, hivyo hatua ya 5 iko pale pale. Soma kibandiko, vaa glavu, na kama jirani ana mchicha kaa mbali.

Dada wa Tanga: Nailoni nyeusi inasaidia? Nina mgongo siwezi hilo jembe.

Jibu: Pole dada. Kwa ukoka inasaidia, ila ni miezi sio wiki. Ndago anatoboa nailoni nyembamba kama sindano, tafuta turubai zito. Nailoni ya kuona ndani ni kitu kingine, hiyo unalowesha udongo, unatandika na kufukia kingo, wiki 4 mpaka 6 za jua kali, joto linaua mbegu nyingi za juu.

Mdau wa Marigat, Kenya: Sisi huku tuko na mathenge, ule mti wa miiba, ukikata inarudi mara mbili. Tufanyeje?

Jibu: Huyo simfahamu kwa mikono yangu ila wenzako wa Garissa waliniambia ukikata usawa wa ardhi umeipogoa tu. Chimba pembeni ukate mzizi chini ya ardhi kama futi moja. Matawi chomeni mkaa, miiba msiiache, inatoboa hadi tairi.

Mdau wa Kibaha: Nimekuta jirani kapanda mihogo kwenye kiwanja changu. Nifyeke?

Jibu: Hapana mzee wangu, usiguse mhogo wa mtu. Nendeni kwa mwenyekiti wa mtaa, muandikishane avune mpaka mwezi fulani, asaini. Wewe anzia upande ulio wazi.

Mama wa Mlandizi: Upupu jamani! Nimejikuna siku nzima.

Jibu: Pole sana mama. Usikune wala usisugue, bandika solotepu kwenye ngozi uvute, vinyweleo vinatoka nayo, ndo uoge. Kesho ukate alfajiri umande ukiwepo, vikiwa vimelowa havipeperuki. Ile nguo fua peke yake, mimi niliichanganya na mashuka tukalala sebuleni.

Mdau wa Chanika tena: Kwahiyo kwako ndago imeisha?

Jibu: Haijaisha mkuu. Mwaka wa kwanza nilitoa viroba 11, mwaka huu ndoo moja ndogo haijajaa. Kila Jumamosi napita na kisu kabla ya chai.